Nani Amehesabu, na Nani Amelipa? Kanuni za Utafiti na Uhuru wa Mhariri katika Takwimu za Soko la Mafundi wa Nyumbani

1. Utangulizi

Paa linapovuja usiku wa mvua, mwenye nyumba hana wasaa wa kufanya utafiti. Humwuliza jirani, humwuliza ndugu, au hufungua orodha iliyochapishwa na mtu asiyemjua, kisha huchagua jina moja. Uchaguzi huo una gharama. Fundi mbaya huweza kuchukua akiba ya miezi mingi na kuliacha paa likivuja vile vile. Na fundi mwema aliyewekwa mwishoni mwa orodha bila sababu huweza kukosa kazi msimu mzima pasipo kujua kosa lake. Kwa hiyo orodha ya mafundi, pamoja na bei na sifa zinazoandikwa mbele ya majina yao, ni chombo kinachogawa riziki za watu.

Marekani ni nchi ambamo uchapishaji wa orodha za namna hiyo umekuwa biashara kubwa. Mafundi wa bomba, wa umeme, wa paa, wa rangi na maseremala hupangwa kwa madaraja, bei zao hulinganishwa, na namba hizo husomwa na mamilioni ya wenye nyumba. Historia ya biashara hiyo yafaa kuchunguzwa na kila mtu anayeshughulika na takwimu, popote alipo, kwa kuwa inaonyesha wazi mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kanuni za utafiti, yaani jinsi namba ilivyopatikana. La pili ni uhuru wa mhariri, yaani nani alikuwa na uwezo wa kuibadilisha au kuificha kabla haijamfikia msomaji.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba mambo hayo mawili ni tofauti, lakini moja halitoshi bila jingine. Mhariri aliye huru asiyejua kuhesabu hukosea kwa moyo safi. Mtafiti ajuaye kuhesabu asiye huru hutoa namba safi juu ya yale tu aliyoruhusiwa kuyasema.

2. Maana ya maneno

Neno «fundi» lina undugu na kitenzi «kufunda», ambacho kwacho yapatikana pia mwanafunzi, mkufunzi na mafunzo. Kwa asili, basi, fundi ni mtu mwenye ujuzi alioupata kwa kufundwa. Hapo ndipo ugumu wa soko hili unapoanzia. Anayenunua embe huligusa, hulinusa, hata huweza kulionja. Anayemwajiri fundi hununua ujuzi ambao yeye mwenyewe hana, na kazi yenyewe hufichwa na ukuta, sakafu na dari. Bomba lililounganishwa vibaya huweza kukaa mwaka mzima kabla ya kudondosha tone la kwanza. Mteja hulazimika kuamini kabla ya kujua, na mara nyingine hata baada ya kazi kumalizika hajui alichokinunua.

Kwa sababu hiyo hutafuta ushahidi wa watu wengine. Ushahidi huo ukikusanywa na kuchapishwa, ni lazima kutenganisha maneno matatu: takwimu, kadirio na tangazo. Takwimu ni hesabu ya mambo yaliyotokea, iliyofanywa kwa njia inayoweza kuelezwa. Kadirio ni namba inayotolewa mahali ambapo hesabu kamili haipo, kwa kutegemea hesabu nyingine. Tangazo ni neno la mwenye mali kuhusu mali yake. Yote matatu yana haki ya kuchapishwa. Kosa huanza pale tangazo linapovikwa nguo za takwimu, au kadirio linapojiita hesabu.

3. Namba hupatikanaje?

3.1. Walioulizwa ni nani? Mfano maarufu kuliko yote hautoki katika soko la mafundi bali katika siasa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura kwa Wamarekani wapatao milioni 10 na kupokea majibu zaidi ya milioni 2. Kwa kutegemea rundo hilo lilitabiri kwamba Alf Landon angemshinda rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya walioulizwa yalikuwa yametolewa kwa sehemu kubwa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati ambapo maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Tena waliojibu hawakufanana na walionyamaza. Jarida hilo lilikoma mwaka 1938. Somo lililobaki ni kwamba wingi wa majibu hautibu ubaya wa njia ya kuwachagua wanaojibu.

Soko la mafundi lina ugonjwa huo huo kwa sura nyingine. Mahali ambapo mtu yeyote huweza kuandika sifa za fundi wake, huandika zaidi wale waliokasirika sana na wale waliofurahi sana. Wengi waliopata kazi ya kawaida hunyamaza. Juu ya hayo huja ushahidi wa uongo. Mwaka 2016 Michael Luca na Georgios Zervas walichapisha uchunguzi wa maoni juu ya mikahawa ya Boston katika orodha ya Yelp, wakaonyesha kwamba takriban asilimia 16 ya maoni hayo yalikuwa yametengwa na Yelp yenyewe kama ya kushukiwa. Mkahawa na fundi wa bomba ni biashara mbili tofauti, lakini kishawishi cha kujisifu kwa jina la mtu mwingine ni kile kile.

Njia iliyo kinyume cha hiyo ni kumchagua anayeulizwa badala ya kumngoja ajilete. Uchunguzi uitwao American Housing Survey, ulioanza mwaka 1973 na unaotekelezwa na ofisi ya sensa ya Marekani kwa ajili ya wizara ya nyumba, huchagua makazi kwa bahati nasibu. Wenye nyumba huulizwa, pamoja na mambo mengine, ni matengenezo gani waliyoyafanya, yaligharimu kiasi gani, na kama waliajiri fundi au walifanya kazi kwa mikono yao. Namba zake ni imara. Lakini hazimwambii mwenye nyumba ni fundi yupi wa mtaa wake aliye mwaminifu, kwa sababu hazikukusudiwa kusema hivyo.

3.2. Walioulizwa ni wangapi? Watu 100 wakichaguliwa kwa bahati nasibu na kuulizwa swali la ndiyo au hapana, na nusu yao wakajibu ndiyo, ukweli wa mji mzima waweza kuwa juu au chini ya jibu hilo kwa takriban pointi 10 za asilimia. Wakiulizwa 400, nafasi hiyo ya kukosea hupungua hadi takriban pointi 5. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ukubwa wa mji haubadilishi sana hesabu hiyo: mji wa watu laki moja huhitaji watu 400, na nchi ya mamilioni huhitaji 400 vile vile. Kwa hiyo anayetaka kupata namba za miji 50 kwa usahihi huo hawezi kuwagawa watu 400 katika miji yote. Anahitaji 400 katika kila mji, yaani watu 20,000.

Hapo ndipo kishawishi kikubwa cha takwimu za mahali kinapoingia. Mchapishaji asiye na fedha za kuwauliza watu 20,000 huchukua bei ya nchi nzima, huizidisha kwa kipimo fulani cha gharama za maisha, kisha huiandika kuwa ni bei ya mji wa msomaji. Namba hiyo si lazima iwe mbaya. Ni kadirio, na kama ingeitwa kadirio hakuna ambaye angedanganywa.

3.3. Swali liliulizwaje? Wanaisimu wanajua kwamba swali halikosi kuegemea upande. Anayesema «Si fundi alifanya kazi nzuri?» amekwisha kumwonyesha mwenzake jibu linalotakiwa, kumpinga huwa karibu na utovu wa adabu. Anayesema «Je, kazi ya fundi ilikuwa mbaya, ya kutosha, au bora?» ameacha milango mitatu wazi. Jambo hili lina uzito wa pekee katika Kongo, ambako dodoso mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa na kuulizwa kwa Kiswahili, kila mwulizaji akitafsiri kwa kinywa chake mlangoni mwa nyumba. Waulizaji kumi wakitafsiri kwa njia kumi, lililoulizwa si swali moja bali maswali kumi, na majibu yake hayawezi kujumlishwa pamoja bila hatari. Matini ya Kiswahili iliyotamkwa kweli inapaswa kuandikwa, kukubaliwa, na kuchapishwa pamoja na matokeo.

3.4. Hesabu ilifupishwaje? Uchukuliwe mfano wa kubuni wa bei tano za kubadilisha tangi la kuchemshia maji: dola 900, 1,000, 1,100, 1,200 na 4,800. Wastani wake ni dola 1,800, bei ambayo wateja wanne kati ya watano hawakuikaribia. Bei ya katikati, yaani ile yenye mbili chini yake na mbili juu yake, ni dola 1,100. Namba zote mbili ni za kweli. Lakini mchapishaji anayepata faida bei zikionekana kuwa juu atapendelea ya kwanza, na msomaji asiyeambiwa ni ipi iliyotumika hana la kufanya.

Vivyo hivyo kwa malalamiko. Kampuni iliyolalamikiwa mara 12 baada ya kazi 3,000 imelalamikiwa katika asilimia 0.4 ya kazi zake. Iliyolalamikiwa mara 4 baada ya kazi 100 imelalamikiwa katika asilimia 4. Anayechapisha idadi ya malalamiko peke yake huiadhibu kampuni kubwa kwa ukubwa wake na kuificha ndogo iliyo mbaya mara kumi.

4. Nani hulipa?

Baada ya kuhesabu vizuri linabaki swali la mfuko. Waswahili husema: Mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hiyo haisemi kwamba mwamba ngoma ni mwongo. Yasema tu kwamba mkono huvuta kuelekea aliposimama mwenyewe. Katika uchapishaji wa takwimu, mahali anaposimama mhariri huamuliwa kwa kiasi kikubwa na yule amlipaye.

Njia ya kwanza ni kulipwa na wasomaji. Shirika la Consumers Union, lililoanzishwa Marekani mwaka 1936, lilikataa matangazo tangu mwanzo na likashika desturi ya kununua madukani, kama mteja yeyote, vitu litakavyovipima. Kwa upande wa mafundi na huduma za mahali, mfano bora ni Consumers' Checkbook, iliyoanzishwa na Robert Krughoff huko Washington mwaka 1974 kama shirika lisilotafuta faida. Nalo halipokei matangazo. Huwaomba wasomaji wake kupima kazi za mafundi waliowaajiri kwa madaraja matatu, na kwa upande wa bei hutumia watu wanaojifanya wateja wa kawaida: huyaeleza makampuni mbalimbali kazi ile ile moja, kwa maneno yale yale, na kuandika bei zinazotajwa. Matokeo yanayojirudia katika kurasa zake ni kwamba bei za kazi moja katika mji mmoja hutofautiana mno, na kwamba anayetoza zaidi si lazima awe afanyaye kazi bora. Ni vigumu kuona jinsi habari ya namna hiyo ingechapishwa mara kwa mara na mtu anayelishwa na wale wanaotoza zaidi.

Njia ya pili ni kulipwa na wale wanaopimwa, na historia ya Angie's List yaonyesha jinsi mchapishaji anavyoweza kuhama kutoka njia moja hadi nyingine hatua kwa hatua. Angie Hicks na William Oesterle waliianzisha mwaka 1995 huko Columbus, Ohio. Hicks alipita mlango kwa mlango akiwaandikisha wanachama. Mwanachama alilipa ada, alipiga simu kuuliza habari za mafundi, na yeye mwenyewe alitoa habari za fundi aliyemwajiri. Wakati huo bwana wa orodha alikuwa mwenye nyumba. Miaka ilivyopita, fedha za makampuni yaliyotangaza humo zilikua hadi kuzipita ada za wanachama. Mwaka 2015 ilifunguliwa kesi iliyodai kwamba malipo ya matangazo yaliathiri mpangilio wa majina ambao wanachama waliamini kuwa umetokana na sifa peke yake. Mwaka 2016 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.4 ili kuimaliza kesi hiyo, bila kukiri kosa. Mwaka huo huo iliacha kudai ada kwa anayetaka kusoma maoni. Mwaka 2017 iliunganishwa na HomeAdvisor, na mwaka 2021 ikachukua jina la Angi.

Haifai kuisoma historia hiyo kama hadithi ya watu wabaya. Ada ilipoondolewa, wenye nyumba wengi zaidi waliweza kusoma bure, na hilo ni jema. Lakini kilichouzwa sasa kilibadilika. Zamani ziliuzwa habari za mafundi kwa wenye nyumba; katika biashara mpya huuzwa majina ya wenye nyumba kwa mafundi. Na fundi naye, akiisha kuwa mnunuzi, huhitaji takwimu za kweli kama alivyozihitaji mwenye nyumba. Mwezi Machi 2022 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliishtaki HomeAdvisor kwa kuwaeleza mafundi isivyo kweli ubora wa majina ya wateja iliyowauzia na uwezekano wa majina hayo kuzaa kazi. Mwezi Januari 2023 kampuni ilitakiwa kulipa hadi dola milioni 7.2. Aliyeumia katika shauri hilo hakuwa mwenye paa linalovuja, bali fundi mwenye ngazi begani, aliyelipia majina ya watu ambao huenda hawakuwa na kazi ya kumpa.

5. Mambo yanayodaiwa kwa mtafiti na kwa mhariri

Kwa upande wa utafiti, chama cha watafiti wa maoni ya umma wa Marekani, AAPOR, kilichoanzishwa mwaka 1947, kimeweka orodha ya mambo ambayo mtafiti hulazimika kuyatangaza pamoja na namba zake: nani aliyegharimia uchunguzi, nani aliyeufanya, ni watu gani waliokusudiwa, walichaguliwaje, walikuwa wangapi, waliulizwa lini, na kwa maneno gani. Yafaa kuangaliwa kwamba orodha hiyo haimlazimishi mtafiti kuwa na fedha nyingi wala sampuli kubwa. Inamtaka aseme alichokifanya. Uchunguzi mdogo uliosemwa wazi ni bora kuliko mkubwa uliofunikwa.

Kwa upande wa mhariri, mazoea mazuri ya machapisho yaliyotajwa yaweza kufupishwa kama ifuatavyo:

a) Anayeuza nafasi ya tangazo asiwe ndiye anayepanga majina, wala asiwe na amri juu yake.

b) Mpangilio wa majina ufuate kanuni iliyochapishwa. Jina lililopandishwa kwa malipo liandikwe wazi kuwa limelipiwa, mahali pale pale lilipo.

c) Fundi apewe haki ya kujibu, asipewe haki ya kufuta. Anayelalamikiwa isivyo haki asikilizwe, na jibu lake lichapishwe kando ya lalamiko. Lakini fedha zake zisiweze kuliondoa.

d) Fundi aliyepata majibu machache mno asipewe daraja. Mwenye majibu 4, yote ya sifa, ana asilimia 100. Mwenye majibu 200, ambayo 180 ni ya sifa, ana asilimia 90. Wa pili ndiye anayejulikana zaidi, na kumweka chini ya wa kwanza ni kuipa bahati heshima ya ujuzi.

e) Makosa yasahihishwe kwa uwazi, kwa tarehe, si kwa kubadilisha namba kimya kimya.

Sheria nayo imeanza kushika sehemu ya kazi hii. Kanuni ya Tume ya Biashara iliyoanza kutumika Marekani tarehe 21 Oktoba 2024 inakataza kuuza na kununua maoni ya uongo ya wateja, yakiwemo yale yaliyotungwa na mashine, na inaikataza kampuni kudai kwamba orodha inayoimiliki yenyewe ni chombo huru. Hata hivyo sheria hukamata uongo, haizalishi utafiti. Hakuna kanuni ya serikali inayoweza kumlazimisha mchapishaji kuwauliza watu 400 pale alipowauliza 40.

6. Gharama ya uhuru

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba njia ya wasomaji ni njema na njia ya matangazo ni mbaya. Ukweli ni mgumu zaidi. Consumers' Checkbook, pamoja na uaminifu wake wa nusu karne, hufanya kazi katika maeneo saba tu ya miji mikubwa, miongoni mwake Washington, Boston na Chicago. Hesabu ya sehemu ya 3.2 inaeleza kwa nini: kila mji mpya ni utafiti mpya, na gharama haipungui kwa kuwa mji wa jirani umekwisha kuchunguzwa. Tena ada, hata ikiwa ndogo, humfungia nje mwenye nyumba maskini, ambaye ndiye asiyeweza kuvumilia hasara ya fundi mbaya.

Ujerumani ilijaribu njia ya tatu. Stiftung Warentest ilianzishwa mwaka 1964 kwa uamuzi wa bunge, na jarida lake liitwalo test lilianza kutoka mwaka 1966. Serikali ilitoa fedha ili jarida lisihitaji matangazo. Lakini hata huko swali la mfuko halikulala: tangu mwaka 2013 kampuni inayotaka kutumia alama iliyopewa katika matangazo yake hulazimika kulipia leseni, ilhali shirika la Marekani la Consumer Reports, ambalo ndilo Consumers Union ya zamani, kwa miaka mingi lilikataza sifa zake kutumiwa katika matangazo. Wahariri wawili waaminifu walichora mpaka mahali pawili tofauti. Kilicho muhimu ni kwamba kila mmoja aliuchora hadharani, na msomaji aliweza kuuona.

7. Tamati

Imeelezwa kwamba namba ya bei au ya sifa za fundi ina wazazi wawili: njia iliyotumika kuipata, na mfuko uliogharimia kuipata. Anayeificha njia humnyima msomaji uwezo wa kuipima. Anayeuficha mfuko humnyima uwezo wa kuishuku. Na atakayebeba hasara anajulikana: ni mwenye nyumba aliyeamini, au fundi aliyeshushwa.

Kwa wale wanaofanya utafiti katika Kiswahili, kazi iliyo karibu zaidi si kubwa. Ni kuchapisha maneno yale yale ya maswali waliyouliza, kwa lugha ile ile waliyoulizia, idadi na namna ya kuwachagua waliojibu, na jina la aliyelipa. Ukurasa mmoja watosha. Utafiti unaokosa ukurasa huo, hata ukiwa na majedwali mazuri, bado haujamaliza kumwambia msomaji alichokuwa na haki ya kukijua.